Wasomaji Wanauliza: Mitaa ya Kale katika Jiji la Vyuo

Barua tulizopokea mwezi huu kutoka Mwanza na maeneo ya jirani zinahusu jambo moja: mitaa ya zamani ya jiji inazidi kupungua huku mahitaji ya vyumba vya wanafunzi, fremu za maduka na maegesho ya magari yakiongezeka. Tumezifupisha bila kugusa hoja zake, na hatukuyataja majina ya walioziandika.

SWALI: Shikamoo Mhariri. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu katika chuo kimoja hapa Mwanza. Tulipokuwa darasani mwenzetu kutoka Zanzibar alicheka tuliposema kwamba Mwanza nayo ina mitaa ya kihistoria inayostahili kuhifadhiwa, akadai kwamba mji ulioanza mwaka 1892 ni mtoto mdogo. Je, eneo hutambuliwaje kuwa la kihistoria, na sisi wanafunzi tunaweza kufanya nini? (Mwanafunzi, Malimbe)

JIBU: Marahaba. Mwenzako ametumia kipimo cha kwao, na kwa kipimo hicho hakukosea. Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, hauwezi kushindanishwa kwa umri na mji wowote wa upande wetu wa Ziwa. Hata hivyo umri ni sehemu moja tu ya hoja. Nchini Marekani, ambako mtaa wa kwanza wa kihistoria kulindwa kwa kanuni za mji ulitengwa Charleston mwaka 1931, jengo kwa kawaida huanza kufikiriwa linapotimiza miaka 50, na kwa hesabu hiyo hata nyumba iliyojengwa wakati wa Azimio la Arusha imekwisha kufikia umri. Kinachotafutwa ni kundi la majengo, njia, miti na viwanja ambavyo vikikaa pamoja vinaeleza jambo lililotokea mahali hapo, na ambavyo bado havijabadilishwa kiasi cha kushindwa kulieleza.

Sasa itazame Mwanza kwa jicho hilo. Wajerumani walifungua kituo chao mwaka 1892. Waingereza wakauteka mji Julai 1916. Reli kutoka Tabora ikafika mwaka 1928 na kuufanya mji huu mahali pa kukutania meli na mabehewa. Pamba ya Usukuma ikapata njia ya kutokea, na pamoja nayo yakaja maghala, viwanda vya kuchambulia na mitaa ya maduka iliyojengwa zaidi na wafanyabiashara wenye asili ya India. Mwaka 1955 wakulima wa pamba wakaunganisha vyama vyao vya ushirika katika shirikisho kubwa la kanda hii, ambalo Paul Bomani alikuwa miongoni mwa viongozi wake wakuu. Mtu akitoka stesheni ya reli kwa miguu, akapita katikati ya mji hadi Makoroboi, kisha akateremka hadi kivuko cha Kamanga, atakuwa amepita katika vipindi hivyo vyote kwa mwendo mfupi. Ni miji michache ya bara inayomwezesha mtu kufanya hivyo, na kwa maoni yangu hilo ndilo linaloipa Mwanza haki ya kuzungumza, hata ikiwa jengo lake lolote likichukuliwa peke yake halitamshangaza mgeni kutoka Zanzibar.

Kuhusu kazi yenyewe, kosa la kawaida ni kuanza na majengo mazuri. Mnachagua nyumba sita zinazopendeza, mnazipiga picha, mnaandika ripoti, na mtaa uliozizunguka unabomolewa kwa kuwa hakuna aliyeutaja. Eneo huorodheshwa jengo kwa jengo, upande huu na upande ule wa barabara, bila kuruka hata banda la mabati. Kila jengo lipewe namba, lipigwe picha kutoka barabarani, liandikiwe idadi ya ghorofa, vifaa vya kuta, umbo la paa, aina ya madirisha, matumizi ya sasa, na mabadiliko yanayoonekana. Ikiwa kuna mwaka au jina la familia lililofinyangwa kwenye plasta juu ya mlango, kama ilivyokuwa desturi katika mitaa mingi ya biashara ya Afrika Mashariki, linakiliwe kama lilivyo, kwa sababu mara nyingi rangi mpya au bango la duka hulifunika kabla hamjarudi. Baada ya hapo ndipo mnagawanya: majengo yanayochangia sura ya mtaa, na yale ambayo yamo tu ndani ya mpaka. Kundi hili la pili halidharauliwi. Linaandikwa ili mwenye nyumba ajue mapema kwamba ana uhuru zaidi kuliko jirani yake.

Mpaka nao hauchorwi kwa kufuata barabara kubwa kwa kuwa ni rahisi kuiona katika ramani. Tembeeni mpaka mahali ambapo urefu wa majengo, upana wa viwanja au matumizi yake vinabadilika, na hapo ndipo mtie alama. Katika Mwanza mara nyingi mtakuta kwamba mpaka wa kweli ni mwamba, mteremko au mto Mirongo.

Umri wa jengo msiukisie kwa macho. Kuna kumbukumbu za viwanja katika ofisi za ardhi, kuna majalada ya Wajerumani na ya Waingereza katika Nyaraka za Taifa jijini Dar es Salaam, na kuna picha za zamani za makoloni ya Ujerumani zilizohifadhiwa Frankfurt. Wazee wa mtaa wanajua mambo ambayo majalada hayana, hasa nani aliishi wapi na duka lipi liliuza nini, lakini miaka wanayoitaja lazima ilinganishwe na maandishi.

Nakuomba pia usiishie katikati ya mji. Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino, ambacho kimekuwa chuo kikuu tangu 1998, kilitokana na kituo cha mafunzo ya jamii kilichoanzishwa Nyegezi mwaka 1960. Hospitali ya Bugando, ambayo juu ya kilima chake madaktari wanafundishwa leo, ilifunguliwa mwaka 1971. Majengo ya vyuo hivi yanaeleza jinsi mji wa pamba na bandari ulivyogeuka kuwa mji wa wanafunzi, na sijaona darasa linaloyatazama hivyo.

SWALI: Mhariri, marehemu mume wangu aliniachia nyumba ya zamani chini ya kilima cha Bugando, naye aliirithi kwa baba yake. Wanafunzi wa udaktari hupanga vyumba, na kodi hiyo ndiyo inayosomesha wajukuu. Nimeanza mipango ya kuibomoa na kujenga hosteli ya ghorofa tatu. Juzi walikuja vijana wenye kamera na daftari, wakasema mtaa wetu huenda ukawa wa hifadhi. Je, nitanyang'anywa nyumba yangu? (Mama mwenye nyumba, Bugando)

JIBU: Hapana, mama. Kamera na daftari havimpi mtu yeyote mamlaka juu ya nyumba yako, na hata mtaa ukija kutangazwa kuwa eneo la hifadhi, nyumba hubaki mali ya mwenyewe: anaweza kuikalia, kuipangisha, kuiuza na kuirithisha. Kinachoweza kubadilika ni utaratibu wa kupata idhini unapotaka kuugeuza upande unaoonekana kutoka barabarani, au unapotaka kubomoa.

Ni vizuri kujua kwamba kuna ngazi tofauti, na watu wengi huzichanganya. Ngazi ya chini ni kuandikwa katika orodha, ambako peke yake hakukuzuii kufanya lolote. Ngazi ya juu ni masharti yaliyowekwa na mamlaka ya mji au na serikali kuu. Marekani wanazitenganisha waziwazi: nyumba ikiwa katika daftari la taifa la maeneo ya kihistoria, lililowekwa na sheria ya mwaka 1966, mwenye nyumba anayetumia fedha zake mwenyewe hazuiwi kuibadilisha, ilhali nyumba iliyo katika mtaa uliotengwa na mji wenyewe inahitaji kibali cha kamati kwa kazi za nje. Ann Arbor, mji wa Chuo Kikuu cha Michigan, una mtaa uitwao Old West Side, wa nyumba za kawaida zilizojengwa kwa sehemu kubwa na wahamiaji wa Kijerumani na vizazi vyao. Uliingia katika daftari la taifa mwaka 1972, na ulinzi wa mji ukafuata baadaye. Ulikuwa miongoni mwa mitaa iliyoonyesha kwamba nyumba za watu wa kipato cha kawaida, zikiwa nyingi na pamoja, zinaweza kuthaminiwa kama jumba la tajiri mmoja.

Hapa kwetu, hata bila hifadhi yoyote, hosteli ya ghorofa tatu inahitaji kibali cha ujenzi kutoka Halmashauri ya Jiji. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni kwenda kwa afisa mipangomiji kabla ya kumlipa fundi au mchoraji, na kuuliza mambo mawili: kiwanja chako kimepangiwa matumizi gani, na kama kuna mpango wowote wa kuuendeleza upya mtaa huo. Majibu ya maswali hayo yana uzito kuliko maneno ya vijana na kuliko maneno yangu.

Ushauri wa pili ni kwamba usikimbilie kuchagua kati ya nyumba na hosteli. Nyumba nyingi za zamani katika mitaa yetu zilijengwa mbele ya kiwanja, zikaacha ua mkubwa nyuma wenye jiko, bafu na stoo. Mara nyingi vyumba vipya vinaweza kusimama katika ua huo, visipite kimo cha paa la mbele, na nyumba ya mbele ikabaki na baraza lake, mteremko wa paa lake na mpangilio wa milango yake. Wapangaji hawatapungua kwa sababu hiyo. Mwanafunzi wa udaktari anatafuta maji, umeme, utulivu wa kusomea na njia fupi ya kwenda wodini. Sijapata kusikia aliyekataa chumba kwa sababu nyumba ya mbele ina baraza.

Angalizo moja la kiufundi, kwa kuwa najua mafundi watakushauri vingine. Ikiwa kuta za nyumba yako ni za mawe yaliyoungwa kwa udongo au chokaa, usikubali zipigwe plasta ya saruji nzito kwa lengo la kuzifanya zionekane mpya. Ukuta wa namna hiyo huvuta unyevu kutoka ardhini na kuutoa taratibu kupitia usoni pake, na saruji inapouziba, maji hubaki ndani, chokaa huoza, na plasta hujitenga na kuanguka vipande vipande. Plasta ya chokaa hufuatana na ukuta vizuri zaidi. Katika mteremko kama wa kwenu, mfereji wa kuyapitisha maji ya mvua mbali na msingi ni muhimu kuliko rangi yoyote.

Nitasema pia jambo ambalo wapenzi wa majengo hawapendi kulisikia. Mpango wa hifadhi unaomtaka mjane abebe peke yake gharama ya sura ya mtaa mzima hauna haki, na hautadumu. Vijana wakirudi, waulize jiji litatoa nini kwa upande wake: unafuu wa ada, ushauri wa bure wa mchoraji, au ruhusa ya kujenga zaidi nyuma kwa yule anayehifadhi mbele. Kama hawana jibu, wape chai, na wapeleke swali hilo kwa walimu wao.

SWALI: Mimi ni mwalimu mstaafu. Naomba kujua ni sheria ipi inayolinda majengo ya zamani ya Mwanza. (Kirumba)

JIBU: Mwalimu, jibu lake halifurahishi. Sheria kuu ya Tanzania Bara ni Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979, na ndani yake kuna tarehe ambazo kila mtu wa Mwanza anapaswa kuzijua. Majengo, makaburi na miundo mingine iliyofanywa na binadamu kabla ya mwaka 1863 yanahesabiwa kuwa kumbukumbu zinazolindwa bila kuhitaji tangazo lolote. Milango na miimo ya mbao iliyonakshiwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki inalindwa ikiwa ilichongwa kabla ya 1940. Mji wa Mwanza ulianza kama kituo mwaka 1892, yaani miaka 29 baada ya tarehe ya majengo. Hivyo nyumba za Wajerumani, stesheni, maghala ya pamba na mitaa ya maduka vyote viko nje ya ulinzi huo wa moja kwa moja.

Kilichobaki ni njia ya tangazo: waziri mwenye dhamana anaweza kutangaza katika Gazeti la Serikali kwamba jengo au eneo lenye thamani ya kihistoria linalindwa, hata kama ni la baadaye. Bagamoyo ilitangazwa kuwa eneo la hifadhi mwaka 1983 kwa njia ya namna hiyo, na majengo kadhaa ya katikati ya Dar es Salaam yalitangazwa mwaka 1995. Pamoja na hiyo ipo Sheria ya Mipangomiji ya mwaka 2007, ambayo inaipa mamlaka ya mipango nafasi ya kutambua majengo, au makundi ya majengo, yenye thamani ya usanifu au ya kihistoria. Naiona njia hii ya pili kuwa ya karibu zaidi kwa Mwanza, kwa sababu inaanzia katika jiji lenyewe na inazungumzia makundi. Njia zote mbili, hata hivyo, zinahitaji mtu aliyekwisha kuandaa orodha, ramani na sababu. Waziri hawezi kutangaza mtaa ambao hakuna aliyemwandikia kuuhusu.

Kuna jambo jingine linaloweza kurahisisha kazi, ingawa halikukusudiwa kuwa la hifadhi. Mwaka 1971 serikali ilitwaa majengo ya kupangisha yenye thamani inayozidi shilingi 100,000, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba, na mwaka 1990 majukumu ya Msajili yakahamishiwa Shirika la Nyumba la Taifa. Sina nia ya kufufua hapa mjadala wa utwaaji ule. Lakini pale ambapo majengo kadhaa ya mtaa mmoja yako chini ya mwenye mali mmoja, mazungumzo yanaweza kufanyika katika meza moja. Upande wa pili wa jambo hilo ni kwamba uamuzi mmoja wa kuendeleza upya viwanja unaweza kuondoa safu nzima.

SWALI: Kwa nini kodi zetu zitumike kutunza nyumba za Wajerumani waliotutawala kwa kiboko? Afadhali zibomolewe, tujenge mabweni ya watoto wetu. (Fundi ujenzi, Igogo)

JIBU: Ndugu fundi, hoja yako ina msingi, na wanaoijibu kwa kusema tu kwamba watalii watakuja hawakutendei haki. Hebu tuchukue mfano ulio karibu nawe. Katikati ya jiji kuna kilima kinachojulikana kwa jina la Robert Koch, daktari wa Kijerumani ambaye kati ya 1906 na 1907 alitafiti ugonjwa wa malale katika visiwa vya Sese, upande wa Uganda. Juu yake kuna nyumba inayotajwa kwa jina la Theodor Gunzert, aliyekuwa mkuu wa wilaya wakati wa utawala huo. Kuitunza nyumba hiyo si kumtukuza Gunzert. Waliobeba na kuchonga mawe yake walikuwa watu wa huku, na mahali ilipojengwa, juu ya kila mtu, panaeleza utawala ule ulivyojiona kwa uwazi kuliko kitabu chochote cha shule. Ukiibomoa, unamwondolea mtuhumiwa ushahidi.

Tena hifadhi haina lazima ya kugeuza jengo kuwa mahali pa kutazamwa tu. Mjini Iringa, ambao nao ni mji wa vyuo, jengo la Wajerumani lililojengwa mwaka 1914 kwa ajili ya hospitali lilikarabatiwa kupitia mradi uliosimamiwa na Chuo Kikuu cha Iringa, na tangu 2016 ni makumbusho na kituo cha utamaduni cha mkoa, ambamo historia ya watu wa Iringa inasimuliwa na watu wa Iringa. Mikindani, boma la mwaka 1895 lilifanywa hoteli. Chuo cha Mwanza kinachohitaji maktaba ndogo au ofisi mjini kingeweza kufanya vivyo hivyo, na ukarabati wa aina hiyo unawapa kazi mafundi wa mawe na wa mbao zaidi kuliko ujenzi mpya, ambao fedha zake nyingi huishia kwenye saruji, nondo na vioo.

Mabweni yanahitajika, nakubaliana nawe. Lakini viwanja vya katikati ya mji ni vidogo na ghali, na wanafunzi wengi wako Nyegezi, Malimbe na Butimba. Ukiorodhesha majengo yote ya zamani na kuyabomoa, bado hutakuwa umewapatia malazi hao walio mbali.

Nikumbushe pia kwamba urithi wa mji huu hauishii kwa wakoloni. Miamba ya Makoroboi, ambako mafundi walitengeneza vibatari kwa makopo hadi mahali pakabeba jina la kazi yao, ni eneo la kihistoria kwa haki yake, na liko katika hatari kubwa zaidi kuliko kilima cha Koch. Miamba ya Mwanza hupasuliwa kwa moto na nyundo ili kupata kokoto. Kazi hiyo ni riziki ya watu na siishutumu, ila mwamba uliopasuliwa hakuna fundi atakayeukarabati, ndiyo maana orodha yoyote ya maeneo ya Mwanza lazima iitaje miamba pamoja na majengo.

SWALI: Huku kwetu Magu kuna kijiji cha Kageye, ambako tunaambiwa wageni wa zamani walifikia. Je, nacho kinaweza kuingizwa, au mpango huu ni wa mjini tu? (Msomaji, Magu)

JIBU: Kinaweza, na kisheria huenda kikaitangulia Mwanza. Henry Morton Stanley alifika Kageye mwishoni mwa Februari 1875, akaunganisha hapo mashua yake, na Machi mwaka huohuo akaanza safari ya kulizunguka Ziwa. Miaka michache baadaye wamisionari wa Kianglikana na wa Kikatoliki waliokuwa wakielekea Buganda walipita hapohapo. Wenyeji na wafanyabiashara wa Kiarabu na Kiswahili walikuwa wamekwisha kuitumia bandari hiyo kabla yao, jambo ambalo simulizi nyingi husahau kulitanguliza. Kaburi au msingi wowote wa nyumba uliopo Kageye ambao utathibitishwa kuwa wa kabla ya 1863 unalindwa tayari na ile Sheria ya 1964 niliyomweleza mwalimu, na si lazima kusubiri tangazo la waziri.

Anayegundua mabaki ya namna hiyo anatakiwa kutoa taarifa serikalini. Anza na mtendaji wa kijiji, kisha ofisi ya wilaya, na uombe taarifa ifikishwe kwa maandishi Idara ya Mambo ya Kale, ukiambatanisha picha na mchoro mdogo unaoonyesha umbali kutoka ufukweni. Usiruhusu mtu achimbe ili kutafuta uthibitisho, wala makaburi yasijengewe upya kwa saruji na vigae kwa nia ya kuyaheshimu, maana ukarabati huo huondoa alama zilezile ambazo mtaalamu angezitumia kujua umri wake. Nyasi zinaweza kukatwa.